Binti anataka Kijapani, nyumbani hakuna anayekijua: mama aanzie wapi?

SWALI: Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili hapa Morogoro. Anapenda sana anime (katuni za Kijapani), na kwa miezi minne sasa anajifunza Kijapani kwenye programu ya simu inayofundisha kwa Kiingereza. Maneno anayajua mengi, lakini ukimwekea mstari mmoja wa Kijapani hawezi kuusoma, na ameanza kukata tamaa. Mimi sijui Kijapani hata neno moja, na mwalimu wa kumlipa hatuna. Nimsaidie vipi, bila masomo ya shule kuyumba?

JIBU: Mama, binti yako hana kasoro yoyote. Amekwama pale wanapokwama wengi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, amekuwa akisoma Kijapani kilichoandikwa kwa a-be-che zetu, kinachoitwa romaji. Romaji ni fimbo ya kutembelea: usipoiweka chini mapema, mguu haupati nguvu. Ya pili, anapita njia ndefu ya Kiingereza kwenda kwenye lugha ambayo, kwa matamshi na kwa namna ya kuunda vitenzi, iko karibu zaidi na Kiswahili chake. Hizo mbili zikirekebishwa, mambo yatasogea. Na wewe usiyejua Kijapani una kazi kubwa hapo, nitakuonyesha.

Irabu za Kijapani ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Silabi nyingi ni konsonanti na irabu, kama zetu: sa-ka-na (samaki), ku-ru-ma (gari), ya-ma (mlima). Sh, ch, j, y na ny ni zilezile. Kwa hiyo ukiandikiwa neno la Kijapani kwa herufi zetu ukalisoma kama Kiswahili, umelisoma karibu na sahihi. Maana yake unaweza kumsahihisha mtoto usomaji wake hata kama hujui neno lina maana gani.

Sasa tuingie kazini. Kijapani kina mwandiko wa aina tatu unaochanganywa katika sentensi moja. Hiragana ina alama 46 za msingi na hubeba maneno ya Kijapani chenyewe na viambishi vya sarufi. Katakana ina 46 nyingine zenye sauti zilezile, nayo ni ya maneno ya kigeni na majina ya wageni. Kanji ni alama zenye asili ya Kichina, zinazobeba maana. Aanze na hiragana, amalize, ndipo aguse katakana. Kanji isubiri.

Nunua karatasi 6 za manila za saizi ya A4. Kila moja ikate vipande 8. Utapata kadi 48. Kadi 46 ni za hiragana, mbele alama, nyuma usomaji wake kwa herufi zetu. Mbili zinazobaki, moja iandikwe っ, alama ndogo nitakayoieleza, na nyingine iwe akiba, maana moja lazima itaharibika. Chukua bahasha tatu. Ya kwanza ni ya kila siku, ya pili hufunguliwa kila baada ya siku tatu, ya tatu Jumapili. Kadi mpya huanza kwenye ya kwanza. Akiisoma sawa mara mbili mfululizo bahasha inapofunguliwa, inahamia bahasha inayofuata. Akikosea, hata ikiwa ilishafika ya Jumapili, inarudi mwanzo.

Kazi yako ni kushika kadi. Mwonyeshe mbele, wewe angalia nyuma, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Asipojibu kabla ya tatu, ihesabu kama amekosa. Usimwonee huruma hapa: alama inayotambuliwa baada ya sekunde kumi haimsaidii kusoma sentensi, kwa kuwa akifika mwisho wa neno ameshasahau mwanzo wake. Alama mpya 5 kwa siku zinatosha. Ndani ya siku kumi atakuwa amezipitia zote, kisha mpe wiki moja ya kurudia tu bila kuongeza kitu.

Zipo zitakazomsumbua, na ni zilezile kwa karibu kila mwanafunzi. ぬ (nu) humalizikia kwenye kitanzi kidogo. め (me) haina kitanzi. る (ru) imejikunja mwishoni, ろ (ro) imebaki wazi. さ (sa) na ち (chi) zimetazama pande tofauti. ね, れ na わ zina mwanzo mmoja, angalia mkia tu: ne ina kitanzi, re inatoka nje, wa inaingia ndani. Kadi zinazofanana zisifundishwe siku moja. Akishaijua moja vizuri, ndipo mletee pacha wake.

Kila alama aiandike kwa mkono. Daftari la hisabati lenye miraba midogo linafaa kabisa: miraba minne, miwili juu na miwili chini, iwe nyumba ya alama moja. Msalaba unaopatikana katikati unamwonyesha kila mstari uanzie wapi. Mpangilio wa mistari ni juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia, na mstari wa kulala huandikwa kabla ya wa kusimama unaoukata. Si urembo tu. Katakana ndiyo inayoonyesha kwa nini. Tazama シ (shi) na ツ (tsu). Katika shi, vistari viwili vifupi vimepangwa ubavuni kushoto, kimoja juu ya kingine, na mstari mrefu unatoka chini kupanda juu. Katika tsu, vistari vimesimama sambamba juu, na mstari mrefu unateremka. Ni vilevile kwa ン (n) inayopanda na ソ (so) inayoshuka. Aliyezoea kuandika kwa mpangilio sahihi, mkono wake unazitofautisha kabla ya jicho. Aliyejifunza kwa kutazama simu peke yake huzichanganya kwa miaka.

Katakana huchosha, hivyo mpe majina anayoyajua. Aandike モロゴロ, Morogoro. Mji wenu una silabi zinazoingia moja kwa moja. Kisha ドドマ, タンガ, キゴマ. Kilimanjaro ni キリマンジャロ, na Wajapani wengi wanalijua jina hilo kupitia kahawa ya Tanzania inayouzwa kwao kwa jina hilo. Rehema ni レヘマ. Leila anaandikwa レイラ, kwa sababu Kijapani hakitofautishi l na r; sauti yao ni ya ncha ya ulimi kugonga mara moja tu, karibu na r ya neno "kura".

Sasa matamshi, na hapa mama naomba utulie nami kidogo, kwa kuwa ndipo Mswahili anapopata urahisi na ndipo anapoteleza. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukikaza huwa tunaivuta kidogo. Tunasema "baraza" na ile "ra" inarefuka, lakini neno haligeuki. Kwa Kijapani linageuka. Yuki ni theluji, yuuki ni ujasiri. Obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi. Biru ni jengo la ghorofa, biiru ni bia. Mtoto wetu akisema "biru" kwa mkazo wa Kiswahili, msikilizaji anaweza kusikia bia.

Dawa ni kupiga makofi. Kijapani huhesabiwa kwa mapigo yanayolingana urefu: yu-ki ni mapigo mawili, yu-u-ki matatu. Tokyo tunayoita "Tokio" ni to-o-kyo-o, mapigo manne. Mwambie akumbuke kukata na kukataa, kufa na kufaa. Hizo a mbili za mwisho anazitamka kila siku bila kufundishwa. Kijapani kinamdai uangalifu uleule katika kila silabi.

Herufi ん (n) nayo ina pigo lake peke yake, kama n ya "nchi" au "nta". Onna (mwanamke) ni o-n-na. Ile っ ndogo ni pigo la kimya: unajiandaa kutamka konsonanti, unasubiri, ndipo unaiachia. Kite ni "njoo", ki-t-te ni stempu. Na alama ndogo ゃ (ya), ゅ (yu), ょ (yo) huungana na iliyotangulia kuwa silabi moja. Byooin ni hospitali. Ukiikata "bi-yo-o-i-n" umeshataja saluni ya kutengeneza nywele. Wasemaji wa Kiswahili huteleza hapa mno, kwa sababu byo, ryo na hyo si silabi zilizozoeleka kwetu. Aanze na にゃ (nya), anayo tayari katika "nyama", kisha avuke polepole kwenda kya, hya, rya. Jambo moja la mwisho: "desu" mwishoni mwa sentensi husikika kama "des", u inamezwa. Akiitamka yote hajavunja kitu, lakini asishangae asipoisikia kwenye filamu.

Maneno mengine yanafanana na yetu kwa sauti lakini maana ni nyingine. Hayo yanakuja na kicheko, na kicheko kinasaidia kukumbuka. Mimi ni sikio. Saba ni samaki wa jamii ya vibua. Hana ni ua, hata ni bendera, tatsu, karibu na tatu yetu, ni kusimama. Mwache ajiandikie orodha yake ya maneno ya namna hii nyuma ya daftari.

Sarufi aipate kwa Kiswahili. Kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho: "Watashi wa sakana o tabemasu", neno kwa neno "mimi samaki nakula". Vijineno wa na o vinakaa nyuma ya neno na kuonyesha kazi yake katika sentensi. Kuna mitego mitatu ya maandishi hapa: は huandikwa ha lakini ikiwa kijineno husomwa wa, へ huandikwa he, husomwa e, を husomwa o na haina kazi nyingine. Umilikaji umegeuzwa: kitabu cha mama ni "haha no hon", mwenye mali anatangulia. Aseme "cha mama kitabu" kichwani kwa wiki moja, mpaka ajizoeze.

Kitenzi ndicho kitakachompa raha. Vitabu vya Kiingereza hutumia kurasa nyingi kueleza kwamba Kijapani hubandika vipande nyuma ya kitenzi, jambo ambalo sisi tunalifanya tukiwa jikoni. Kula ni taberu. Kuliwa ni taberareru. Kulisha, yaani kumfanya mtu ale, ni tabesaseru. Kulishwa ni tabesaserareru: kwanza kile cha kusababisha, kisha kile cha kutendwa, kwa mpangilio uleule wa -sh- na -w-. Mwanafunzi anayeanzia Kiingereza hutetemeka akifika hapo. Binti yako alifundishwa kauli za kitenzi shule ya msingi.

Hata kuhesabu kunamfaa. Sisi tunasema watu wawili, vitabu viwili, mayai mawili; namba inafuata ngeli. Kijapani nacho hubadilisha namba kulingana na kinachohesabiwa: watu wawili ni futari, vitabu viwili nisatsu, penseli mbili nihon kwa sababu ni kitu kirefu chembamba, karatasi mbili nimai kwa sababu ni bapa. Ajifunze hizo nne kwanza na aache nyingine.

Saa ni mtego wa kipekee kwetu. Shichiji maana yake ni "saa 7", lakini ni 7 ya saa inayoanza usiku wa manane, yaani saa moja yetu. Ichiji mchana ni saa saba. Akitafsiri kupitia Kiswahili atakosea kwa saa sita kila mara, na maswali ya saa hayakosi kwenye mazoezi ya kusikiliza. Asitafsiri. Aangalie tarakimu kwenye simu na kuzisoma moja kwa moja kwa Kijapani: 7:00, shichiji. Fedha nazo: Kijapani kina kizio cha elfu kumi, man. Elfu hamsini ni goman, yaani man tano. Laki moja ni juuman, milioni ni hyakuman. Mwambie aweke mkato kila baada ya tarakimu nne badala ya tatu, kisha asome.

Kanji aanze baada ya hiragana na katakana kukaa sawa, kwa mwendo wa 5 kwa wiki. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida Japani, iliyorekebishwa 2010, ina kanji 2,136, na watoto wa shule ya msingi kule husoma 1,026 kati yake kwa miaka sita. Kwa hiyo asitishwe na mtu anayetangaza kuzimaliza kwa miezi mitatu. Kosa kubwa ni kukariri usomaji wote wa kanji moja kwa mpigo. Tazama 日曜日, Jumapili, nichiyoobi. Alama 日 imo mara mbili. Ya kwanza inasomwa nichi, ya mwisho bi. Hakuna faida ya kukariri "日: nichi, jitsu, hi, bi, ka". Akariri neno zima, na usomaji utajipanga wenyewe maneno yakiongezeka.

Programu ya simu asiifute, aibadilishe. Aingie kwenye mipangilio azime romaji. Programu isiyoruhusu kuizima, naam, hiyo aiache. Aongeze kibodi ya Kijapani kwenye simu, ile ya kuchapa kwa herufi zetu: akichapa sakana inatokea さかな, kisha kanji yake 魚. Kwa ん achape n mara mbili, kwa を achape wo, kwa っ arudie konsonanti, kitte. Kibodi haimwonei haya; akikosea urefu wa irabu, neno analolitaka halitokei.

Kuhusu usikilizaji, NHK World-Japan, huduma ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, ina idhaa ya Kiswahili na imetoa masomo ya Kijapani yenye maelezo ya Kiswahili na sauti, aanzie hapo. Taasisi ya Japan Foundation nayo inatoa bure mtandaoni vitabu vya kozi vya Irodori pamoja na sauti zake. Vimelengwa kwa watu wazima wanaokwenda kuishi na kufanya kazi Japani, lakini mazungumzo yake ni ya kawaida na yanafaa. Apakue sauti kukiwa na bando, asikilize akiosha vyombo.

Anime usimkataze, ila kuitazama kwa saa tatu akisoma tafsiri ya chini hakumfundishi Kijapani. Achague dakika mbili za mazungumzo. Mara ya kwanza asikilize bila tafsiri, mara ya pili aandike kwa hiragana anachosikia, mara ya tatu alinganishe. Na mwonye kuhusu lugha yenyewe. Wahusika wengi husema "ore" kwa maana ya mimi, ambalo ni la kiume na la kijeuri kidogo, na "omae" kwa maana ya wewe. Kumwita mwalimu wa Kijapani "omae" ni sawa na kumwambia mwalimu mkuu "we vipi?". Mtoto aliyelelewa kusema shikamoo ataelewa mara moja akielezwa. Yeye atumie watashi, amalizie sentensi kwa desu na masu, miishio ya adabu, na kwa mtu mwingine atumie jina lake na san, neno la heshima.

Muda: dakika 30 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kumi za kadi, na wewe ukizishika. Kumi za kitu kipya. Kumi za kusikiliza na kurudia kwa sauti. Zisizidi, hasa mwaka huu wenye mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Mitihani ikikaribia bakiza zile kumi za kadi tu, bila kitu kipya. Akiacha kabisa kwa miezi miwili, bahasha zote zinaanza upya, na mwanzo wa pili unaumiza kuliko wa kwanza.

Akitaka lengo, upo mtihani wa kimataifa wa JLPT wenye ngazi tano, N5 ikiwa ya chini. Nairobi hufanyika Desemba. Ulizeni ubalozi wa Japani kuhusu vituo na tarehe za usajili mapema, maana usajili hufungwa miezi kadhaa kabla. Tangu 2010 waandaaji hawatoi orodha rasmi ya maneno, lakini kwa N5 walimu hulenga maneno kama 800 na kanji kama 100. Alama ni 180, kufaulu ni 80, na lazima apate angalau 38 kati ya 120 za msamiati, sarufi na kusoma, na 19 kati ya 60 za kusikiliza. Akipata nyingi upande mmoja na 18 upande wa kusikiliza, ameanguka. Hakuna sehemu ya kuongea. Kwa mwendo niliouandika, mwaka mmoja na nusu ni makadirio ya haki kwa mwanafunzi wa sekondari.

Na kama mnawaza masomo kule: ufadhili wa serikali ya Japani wa MEXT kwa shahada ya kwanza huanza na mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha, na mchujo wake una mitihani ya Hisabati na Kiingereza. Kwa hiyo Kijapani kikila muda wa Hisabati, kimemfungia mlango uleule anaoutamani.

Mwalimu wa kulipa si lazima sasa. Akishasoma kana (yaani hiragana na katakana) bila kusita na kujua maneno kama 300, nusu saa moja kwa wiki ya kuongea na mtu kwenye mtandao itamfaa kuliko twisheni ya kila siku leo. Ikifika hapo, aketi sebuleni na si chumbani, nawe uwepo, hata kama huelewi wanachosema. Awe na kadi zake mezani, na daftari la miraba likiwa wazi kwenye ukurasa wa wiki hiyo, ili dakika zote za mwalimu ziende kwenye kuongea.